Mate ya Rehani

Walipouliza jina nilisema Rehani.
Wakacheka: mtoto wa fundi cherehani,
umemweka rehani kwa nani?
Nikawajibu ni ule mmea, mrehani,
ulioota kwenye kopo la rangi hapo mlangoni
wiki ile mama yake alipotoka leba.
Wodini walikuwa wametuambia: Down,
kromosomu moja ya ziada.
Neno nililobeba hadi nyumbani ni hilo la mwisho.

Meno yalichelewa.
Miezi kumi na nane, kumi na tisa, fizi tupu.
Kisha likachomoza moja, la juu,
dogo, limechongoka kama ncha ya sindano,
na shangazi yangu Mwajabu akashusha sauti:
kigego.
Nikaendelea kukanyaga pedeli.
Shati la watu lilitakiwa Ijumaa.

Udenda ndio ulikuwa kazi.
Ulimi hauna mfupa, husema watu,
wakimaanisha maneno. Wa mwanangu
hauna mfupa wala haraka,
unatoka nje kuota jua la Tandika,
kidevu kinalowa, shingo inawasha.
Nikamshonea bibu kwa mabaki ya wateja:
kitenge cha harusi ya Bi Zamaradi,
kaki ya sare za shule,
na bafta iliyobaki kwenye sanda
(hilo sikumwambia mama yake;
bafta inanyonya kuliko zote).
Kumi na moja kwa siku, nilihesabu.
Jirani akipita: "Huyu ana tamaa, kila saa udenda!"
Anacheka. Nami nacheka,
najichoma kidole.

Mwaka wa sita akaanza kuacha damu kwenye andazi.
Tukaenda Temeke kwa daktari wa meno, Ngonyani,
mwanamke mfupi anayemsalimia mtoto kwanza, baba baadaye.
Akampa kikombe: atiririshe humu, dakika tano.
Nikatafuta kitambaa mfukoni,
nikiwaza kuomba radhi mapema kwa ajili ya meza yake.

Alikiinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha.
Kitako tu kilikuwa kimelowa.
"Baba Rehani, mate hayamzidi. Ni machache.
Mlango tu ndio haufungi.
Na anavuta hewa kwa kinywa, hata hayo yanakauka.
Ona, hakuna jino lililotoboka.
Lakini ukoga umejichimbia hapa, chini ya ufizi,
na hauna wa kuusuuza."

Miaka sita nafuta, nikidhani nafuta ziada.
Kumbe nafuta akiba.

Sasa asubuhi ni vita vidogo.
Mswaki wa kichwa kidogo, dawa kama punje ya dengu,
mimi nyuma yake, kichwa chake tumboni mwangu.
Ananing'ata kidole kilekile chenye kovu.
Anatema, analenga mfereji, anapata kandambili zangu.
Halafu mazoezi: apulize nyuzi mezani,
anywe maji kwa mrija,
ashike kijiti kwa midomo, si kwa meno.
Moja. Mbili. Kijiti chini.
Moja. Kijiti chini.
Miezi minne hivyo.

Juzi umeme ulikatika,
na uzi wa bluu ukakataa tundu la sindano.
Nikauweka mdomoni, nikaulowesha ncha
kama baba yangu alivyonifundisha.
Rehani alikuwa anatazama.
Akanyoosha mkono. Nikampa.

Akauweka katikati ya midomo,
na midomo ikakutana.

Sikusema kitu. Nilihesabu moyoni.
Tatu. Nne.
Mama yake amesimama na beseni la bibu, hajatua.
Tano. Sita.
Nzi akatua shavuni mwake, hakumjali.
Saba.

Akautoa, umelowa, umechongoka,
akanirudishia kwa vidole viwili kama mhunzi wa dhahabu.
Ukaingia mara moja.

Kidevu kilikuwa kinalowa tena kabla sijafunga fundo.
Suruali ya Mzee Kihiyo nimeimaliza kwa uzi uleule.
Amekuja, ameijaribu, amelipa nusu.
Mwenyewe hajui amevaa nini.